Pesa ya ng'ombe wa bibi iandikwe kwa jina la nani?

Kwenu wa safu ya ushauri,

Shikamooni. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma mjini. Nauza karanga na mafuta ya alizeti soko la Majengo. Mume wangu ana shamba la zabibu Hombolo, ekari moja na nusu.

Mwezi uliopita mama mkwe aliuza ng'ombe, akanikabidhi shilingi 900,000 mbele ya ndugu, akasema ni za mjukuu wake wa mwisho, wa kike, mwenye miaka miwili, zije zimsomeshe. Nikaziweka kwenye simu yangu. Mpaka leo nimeshatoa 60,000. Mara unga umeisha, mara mtoto kaumwa usiku tukapanda bajaji. Kila nikitoa roho inaniuma, maana najua mwendo huo unaishia wapi.

Mume wangu anataka tufungue akaunti ya mtoto, asaini yeye peke yake kama baba. Si mtu mbaya, wala hanywi. Ila mwaka juzi tulikuwa na 400,000 za shule kwenye akaunti yake, ugonjwa wa ubwiri ukaingia kwenye zabibu, akazitoa kununua dawa. Tulikubaliana tutarudisha tukivuna. Tukavuna, bei ikawa ya kutupa, hazikurudi. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, yuko kazini Mtumba na mambo ya benki anayajua kutuzidi. Yeye anasema tuziweke kwenye akaunti yake, kwa sababu tukiandika jina la mtoto benki haitatoa hata senti mpaka afike miaka 18, na makato ya kila mwezi yatazimaliza kabla.

Mkubwa wetu ana miaka 13, yuko darasa la saba, Januari tunatarajia aingie kidato cha kwanza. Yeye anadai akaunti yenye kadi. Wa katikati ana miaka minane. Mimi niko kwenye kikoba, hisa ya 5,000 kila wiki, tunagawana Desemba. Nje ya hapo uwezo wangu wa uhakika ni 20,000 kwa mwezi. Mume wangu anaweza kuweka zaidi, lakini baada ya kuvuna tu.

Naomba mniambie: akaunti gani, jina la nani, nani asaini, na tufungue ngapi? Tena kuna hili: kwenye cheti cha kuzaliwa cha mdogo, mimi nimeandikwa kwa jina la baba yangu, na NIDA yangu ina jina la mume. Si itakuwa shida?

Mama Watatu, Nkuhungu

* * *

Marahaba, Mama Watatu.

Tuanze na la shemeji, maana ndilo linaloweza kuwagharimu zaidi, ingawa amelisema kwa nia njema.

Si kweli kwamba akaunti yenye jina la mtoto hufungwa mpaka atimize miaka 18. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto hawezi kufunga mkataba na benki peke yake. Kwa hiyo mzazi au mlezi ndiye anayeifungua na kuiendesha kwa niaba yake. Pesa ni za mtoto, saini ni ya mzazi, na mzazi anaweza kutoa. Kinachobanwa ni mara ngapi. Akaunti nyingi za watoto huruhusu kutoa mara chache tu katika robo mwaka, na nyingi hazina kadi ya ATM. Ukizidisha, unakatwa ada au unakosa riba ya kipindi hicho. Shemeji anaona hapo kuna kasoro. Kwa pesa ya bibi ndiyo dawa yenyewe. Kama simu yako ingekulazimisha upange foleni ya kaunta kila unapotaka kutoa, zile 60,000 zingekuwepo.

Kwenye makato yuko nusu sahihi, kwa sababu anazungumzia akaunti aliyoizoea yeye. Akaunti ya kawaida ya mtu mzima mara nyingi hukatwa ada ya uendeshaji kila mwezi. Akaunti za watoto kwa kawaida hazikatwi, na hiyo ni sababu kubwa ya kuzichagua. Chukua kalamu. Umebaki na 840,000. Tuseme benki inatoa riba ya asilimia 3 kwa mwaka: hiyo ni 25,200. Serikali inachukua kodi ya zuio asilimia 10 ya riba, yaani 2,520, na benki huikata yenyewe kabla hujaiona. Unabaki na 22,680. Sasa weka ada ya mwezi ya 1,500, ambayo kwa mwaka ni 18,000. Faida yako ya mwaka mzima imekuwa 4,680, nauli ya bodaboda siku mbili tatu. Bila ile ada, 22,680 zote ni za mtoto. Kwa hiyo swali la kwanza kaunta ni hili: "Kila mwezi mnakata nini kwenye akaunti hii?" Riba iulizwe baadaye.

Tatizo kubwa la jina la shemeji liko kwingine. Pesa iliyo kwenye akaunti yake ni mali yake kisheria, hata kama ukoo wote unajua ng'ombe alikuwa wa nani. Akishindwa kulipa mkopo benki hiyohiyo, benki inaweza kufidia deni lake kutoka humo. Akifariki, Mungu apishe mbali, pesa inaingia kwenye mirathi yake, na mkewe na watoto wake watakuwa na haki nayo. Ninyi mtabaki Mahakama ya Mwanzo mkieleza habari za ng'ombe bila karatasi hata moja. Hatari hiyohiyo iko kwenye akaunti ya mumeo, na iko kwenye simu yako pia. Jina la mtoto kwenye akaunti ndilo linaloitoa pesa kwenye mirathi na madeni ya wakubwa.

Shemeji asiachwe nje, lakini. Mpe namba ya akaunti ili baba mdogo naye amwekee mwanawe anapoguswa, na mwombe awe anawasomea taarifa ya akaunti kila miezi sita. Kwa mtu anayezijua benki hiyo ni kazi ya heshima, na mtu akijua kuna jicho la tatu anasita kabla ya kutoa.

Sasa saini. Hapa msiharakishe, kwa sababu fomu ina kisanduku kidogo ambacho afisa hukijaza haraka kama hujasema neno: namna ya kuendesha akaunti. Zipo njia tatu. Mzazi mmoja peke yake. Wazazi wawili, yeyote kati yao anatosha. Wazazi wawili, wote lazima wasaini. Mume wako anataka ya kwanza. Ukiiangalia juu juu, ya pili inaonekana ya haki, lakini kwa yaliyotokea mwaka juzi haikukingi na chochote: ubwiri ukiingia shambani Jumatatu, Jumanne yeyote kati yenu anaweza kwenda kutoa. Kwa pesa ya bibi chagueni ya tatu, wote wawili wasaini. Usimwelezee mumeo kama kumnyima imani, maana 60,000 za unga umezitoa wewe, naye 400,000 za dawa amezitoa yeye. Mwambie hivyohivyo. Mmefungana mikono nyote wawili.

Njia hiyo ina gharama zake. Kila kutoa, mume lazima aje mjini kutoka Hombolo na vitambulisho vyote viwili viwepo. Akaunti ya saini mbili kwa kawaida haiunganishwi na huduma ya kutoa kwa simu. Kuweka hakuzuiwi, kila mtu anaweza kuweka. Na mmoja wenu akifariki, benki itasimamisha kutoa mpaka mtia saini mwingine athibitishwe, kwa cheti cha kifo na pengine barua ya mahakama. Pesa haipotei, inasubiri. Kwa pesa ambayo haitaguswa kwa miaka kumi na zaidi, kusubiri huko kunavumilika. Kwa pesa ya sare ya Januari hakuvumiliki, na tutafika huko.

Jambo dogo la kaunta ambalo huwarudisha watu nyumbani: saini yako ya siku ya kufungua ndiyo italinganishwa miaka yote. Ukisaini leo jina refu kwa utulivu, mwakani ukasaini kifupi kwa haraka, utaambiwa haifanani. Kama saini yako hubadilika, uliza kama wanapokea dole gumba pamoja na saini.

Kuhusu benki yenyewe, hapa Dodoma mna uwanja mpana. CRDB wana Junior Jumbo. NMB wana Mtoto Akaunti, na pia Chipukizi kwa wenye miaka 13 hadi 17. Kama nyumbani hamtaki riba, Amana Bank inaendeshwa kwa misingi hiyo, na benki nyingine zina madirisha yao, kama Al Barakah ya CRDB na La Riba ya NBC. Uliza kama bidhaa yao ya mtoto ipo tawi unalokwenda. Hatutakuchagulia moja, kwa sababu viwango hubadilika na tangazo la ukutani huwa limechelewa. Tutakuambia cha kuangalia. Mbali na makato ya mwezi, uliza salio la chini linalotakiwa kubaki muda wote, kwa sababu hilo hutaligusa mpaka siku ya kufunga. Uliza riba inaanzia salio la shilingi ngapi. Watu wengi huambiwa "akaunti hii ina riba" wasiambiwe kwamba chini ya kiwango fulani hawapati kitu. Uliza kutoa mara ya ziada ni bei gani, na kufunga akaunti ni bei gani. Kisha uombe orodha ya ada iliyochapwa, uende nayo nyumbani. Afisa akisema kwa mdomo tu kwamba "hakuna makato," mwambie kwa upole akuonyeshe mstari huo kwenye karatasi.

Kitu kingine cha kupima ni wakala. Tawi zuri lililo mbali na njia yako litakufanya uache kuweka baada ya miezi miwili. Wewe uko Majengo kila siku, kwa hiyo benki yenye wakala wa kuaminika kwenye kona yako inafaa kuliko yenye riba inayoizidi kwa nusu asilimia. Nusu asilimia ya 840,000 ni 4,200 kwa mwaka.

Na usalama wa benki? Bodi ya Bima ya Amana hulinda amana hadi shilingi milioni 7.5 kwa kila mteja katika kila benki, benki ikifungwa. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki ndogo tano kwa mpigo, kwa hiyo jambo hili si la nadharia. Pesa ya bibi iko ndani ya kinga hiyo kwa mbali. Kikoba hakimo kwenye bima hiyo. Pesa iliyo kwenye sanduku la funguo tatu au kwenye simu ya mweka hazina inalindwa na uaminifu wa wanachama tu.

Twende kwenye majina, maana hapo utarudishwa kama hukujiandaa. Benki itahitaji cheti cha kuzaliwa cha mtoto, namba za NIDA za watia saini, picha ndogo za pasipoti za watia saini na mara nyingi za mtoto, na pengine barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa wenu. Cheti kinasema mama ni binti wa fulani, NIDA inasema ni mke wa fulani. Mfumo wa benki unaona watu wawili. Tatizo hili ni la kawaida mno na lina njia mbili. Ya haraka ni hati ya kiapo, mbele ya wakili au hakimu, inayosema majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, na unaorodhesha nyaraka zenye kila jina. Nenda na cheti cha ndoa kama kipo. Ya pili ni kurekebisha kumbukumbu yenyewe, RITA kwa cheti au NIDA kwa kitambulisho, na inachukua muda zaidi. Kwa kufungua akaunti, kiapo kawaida kinatosha. Piga nakala tatu, utakihitaji tena shuleni.

La muhimu zaidi ni tahajia ya jina la mtoto mwenyewe. Kadi ya kliniki ikisema Ester na cheti kikasema Esther, fuata cheti, na hakikisha afisa anachapa kama cheti kilivyo. Siku binti yako atakapotimiza 18, benki italinganisha jina la akaunti na kitambulisho chake cha NIDA, na NIDA itatoka kwenye cheti. Herufi moja ya leo ni safari nne za mwaka huo. Kwa mkubwa angalia leo hii: jina lililosajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba na jina la kwenye cheti viwe kitu kimoja. Kama kuna mama anasoma hapa na mwanawe chini ya miaka mitano hana cheti, vyeti vya umri huo hutolewa bure kupitia vituo vya afya na ofisi za kata. Akivuka mitano, safari inakuwa ndefu na ya kulipia.

Ngapi mfungue? Mbili kwa sasa. Ya mdogo, kwa sababu pesa yake ina mwenyewe na masharti, isichanganywe na ya mtu. Na ya mkubwa, kwa sababu ana tarehe. Wa katikati atanuna, watoto wa miaka minane wananuna kwa kidogo kuliko hicho, lakini ukifungua tatu kwa mpigo utakuwa umefungia salio la chini mara tatu na huna cha kuweka ndani. Mnunulie kibubu, mwambie kikijaa mnakwenda naye kufungua yake. Zabibu za Agosti na Septemba zikiuzwa, itakuwa na kianzio.

Pesa ya mdogo sasa, tuitazame kwa karibu, kwa sababu akaunti ya mtoto pekee haiwezi kuifanya kazi yote. Ana miaka 16 mbele yake. Rudi kwenye hesabu yetu: 840,000 kwa riba ya asilimia 3 inakuwa 862,680 baada ya kodi. Mfumuko wa bei nao ukiwa asilimia 3, vitu vya 840,000 mwakani vinauzwa 865,200. Umepungukiwa 2,520, kiasi kilekile cha kodi. Kwa mwaka mmoja si kitu, kwa miaka 16 maana yake pesa ya bibi haijaongezeka thamani, imepungua kidogo. Shilingi zimeongezeka, ng'ombe hajaongezeka.

Kwa muda mrefu hivyo, angalieni Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, ulioanza mwaka 2008. Si benki. Unanunua vipande kwa jina la mtoto, na pesa za wengi zinawekezwa pamoja, sehemu kwenye hatifungani (mikopo yenye riba kwa serikali na makampuni) na amana za benki, sehemu kwenye hisa za makampuni. Bei ya kipande hupanda na kushuka, na hakuna anayekuhakikishia faida. Bima ya amana haiugusi. Tofauti inaonekana kwenye muda. Riba ya benki ya asilimia 2.7, yaani ile 3 ikishakatwa kodi, kwa miaka 16 inaifikisha 840,000 kwenye milioni 1.29 hivi. Mfano tu, si ahadi: ongezeko la wastani wa asilimia 8 lingeifikisha karibu milioni 2.88. Ndiyo maana tunashauri 140,000 zibaki kwenye akaunti ya benki ya mtoto kwa dharura zake mwenyewe, na 700,000 ziende kwenye vipande. Kutoa huko huchukua siku kadhaa za kazi, na ukitoa wakati bei imeshuka unapata hasara halisi. Kwa hiyo pesa ambayo itahitajika ndani ya miaka miwili au mitatu isipelekwe huko kabisa.

Na hapo ndipo mkubwa anapoingia. Januari iko karibu. Shule ya serikali haina ada, elimu bila ada ilianza 2016 hadi kidato cha nne na ikafika kidato cha sita mwaka 2022, lakini fomu ya kujiunga itakuja na orodha yake: sare jozi mbili, viatu, madaftari makubwa, na akipangiwa bweni, godoro, tranka, shuka na ndoo. Pesa ya orodha hiyo ikae benki kwenye akaunti ya mtoto, saini ya yeyote kati yenu, ili mume akiwa shambani usikwame. Hesabu mara za kutoa mlizoruhusiwa, na mchukue yote kwa mkupuo mmoja majina ya waliopangiwa shule yakishatoka. Wanaotoa kidogokidogo, leo ya viatu kesho ya shati, ndio wanaokatwa.

Kadi anayoidai si dhambi. Chipukizi na zinazofanana nayo zimewekwa kwa umri wake. Lakini kadi hiyo isiwe ya akaunti yenye pesa ya shule. Akiingia bweni, mfungulieni ya aina hiyo kwa pesa ya matumizi tu, iwe 10,000 au 15,000 kwa muhula, ajifunze kuangalia salio na kuficha namba ya siri. Akiimaliza wiki ya pili, somo limegharimu 15,000.

Kuweka kwenu kufuate kipato chenu. Mtashawishiwa mjaze agizo la kudumu, lile la benki kuhamisha kiasi fulani kila tarehe bila ninyi kwenda. Kwa mwenye mshahara ni zuri sana, shemeji analifaa. Kwa mume wako halifai: mwezi akaunti yake ikiwa tupu agizo linashindwa, na baadhi ya benki hukata ada kwa kushindwa huko. Yeye aweke mara mbili kwa mwaka, zabibu za Februari na Machi na zile za Agosti na Septemba, siku ileile ya malipo, kabla deni la dawa halijaanza kudai. Wewe gawa 20,000 zako kwa wiki, 5,000 kila Jumamosi kwa wakala, siku soko linapochangamka. Kikoba usikiache, ndiko unakokopa mtaji wa karanga. Ila kabla ya mgao wa Desemba, andika kwenye daftari lako ni shilingi ngapi zinakwenda kwa mkubwa, na uziweke kabla hujafika nyumbani.

Kwa wakala kuna mawili ya kuangalia. Kabla hajabonyeza, jina la mtoto linatokea kwenye mashine. Lisome kwa jicho lako, si kwa lake, maana tarakimu moja ikikosewa pesa inakwenda kwa mtu na kuirudisha ni wiki kadhaa za barua. Na usiondoke mpaka ujumbe wa benki umeingia kwenye simu iliyosajiliwa. Iandikwe namba yako, na ya mumeo kama mfumo unaruhusu mbili. Ukibadilisha laini, benki ndiyo ya kwanza kuambiwa. Risiti za mashine zile zinafifia baada ya miezi michache hata zikiwa kabatini, kwa hiyo zipige picha au nakili tarehe na kiasi kwenye daftari. Kukiwa na makato usiyoyaelewa, andikia tawi barua, na nakala yako waigonge muhuri. Wasipokujibu, Benki Kuu inapokea malalamiko ya wateja na ofisi yao iko hapahapa Dodoma.

Kitu cha mwisho kwenye fomu ni miaka 18. Siku hiyo mamlaka ya saini zenu yanakoma, na akaunti hubadilishwa kuwa ya mtu mzima, pamoja na makato yake. Binti atahitaji NIDA yake, kwa hiyo maombi yaanze mara tu anapotimiza umri, asisubiri barua ya chuo. Muulize afisa sasa: asipokuja, akaunti inafanywaje? Kuna zinazobadilishwa zenyewe na kuanza kukatwa ada kimyakimya.

Zile 60,000 zirudisheni kwenye mavuno yajayo, ziingie kama muamala unaojitegemea ili zionekane kwenye taarifa. Nendeni wote wawili, katikati ya wiki, na kati ya tarehe 8 na 18. Mwisho wa mwezi Dodoma nzima iko kwenye foleni ya mishahara na afisa hatakuwa na muda wa kukusomea kisanduku cha saini. Fomu ikishagongwa muhuri, omba nakala, na umwonyeshe mama mkwe jina la mjukuu wake lilipoandikwa.